Nilisema shilingi ya Mama Kiden imechakaa, kumbe simba wake alitoka mashineni bila uso

Wakuu, amani kwenu popote mlipo.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Ninachosimulia kimenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi, na sehemu inayoniaibisha sijaipunguza. Nilichobadilisha ni majina tu, maana wenye habari wana wajukuu, na wajukuu wana simu.

Kwanza niwatoe tongotongo. Wengi humu mnaniita kaka. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Mvara hapa Arua, Uganda, na kazi yangu ni kutengeneza saa. Kazi nilirithi kwa marehemu baba pamoja na meza, lenzi ya kubana jichoni, na kopo la sarafu za zamani. Kopo ndilo lililonileta kwenye jukwaa hili.

Kwa sababu ya hilo kopo watu wa mtaani wananiita Mama Sarafu. Na mimi, nisiwafiche, jina nililipenda. Mtu akiokota pesa ya zamani shambani analeta kwangu, naiangalia mara moja, natoa hukumu, anaondoka akitikisa kichwa kwa heshima. Ukishazoea hivyo kichwa kinavimba.

Sasa tuingie kwenye habari yenyewe.

Siku moja alikuja mteja wangu mmoja, nitamwita Taban, kijana wa Koboko anayenunua na kuuza mihogo. Akaniambia baba yake, Mzee Wani, anahitaji mtu anayejua sarafu aende kwao Dranya. Kuna jambo la ukoo.

Jambo lilikuwa hivi. Babu yake Taban alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya miwa huko kusini, kama wanaume wengi wa West Nile wa zamani zile. Siku ya kurudi nyumbani alimwomba karani amlipe shilingi mbili mpya kabisa, ambazo hazijapita mkono wa mtu. Zile shilingi za Afrika Mashariki, upande mmoja simba na milima, upande mwingine kichwa cha mfalme.

Alikuwa na watoto wawili. Akampa Wani moja, akampa binti yake Kiden moja. Kila moja ameifunga kwenye kitambaa. Akawaambia wasifungue na wasitumie. Siku watakapolijengea kaburi lake saruji, kila mtoto aje na shilingi yake, aibonyeze kwa mkono wake mwenyewe kwenye saruji mbichi upande wa kichwani. Mtoto atakayekuwa ameila shilingi, asiguse kaburi.

Wasiojua mila za huku: mtu anazikwa, kaburi linabaki la udongo, na saruji inakuja pale familia inapojaliwa. Inaweza kupita miaka mingi. Hii ilipita mingi sana. Mzee Wani sasa anatembea na fimbo, na dada yake ambaye aliolewa Abuku ana wajukuu wanaonyoa ndevu.

Wiki mbili kabla ya siku ya kujengea, ukoo ukakutana kukagua vitu. Shilingi zikaletwa. Ya Mzee Wani ilikuwa inawaka. Simba ana uso, ana manyoya ya shingoni, unaweza kuyahesabu. Ya Mama Kiden ilikuwa ya kijivu, na simba wake hana uso. Kuanzia shingoni kwenda juu ni bapa tu.

Manung'uniko yakaanza. Shilingi mbili, siku moja, mfuko mmoja. Kwa nini moja iwe na simba na nyingine iwe na kitu kama mbwa aliyelowa mvua?

Ndipo nikaitwa mimi, mtaalamu.

Nilifika Dranya Jumapili mchana. Wazee walikuwa chini ya turubai la bluu, lile linalofanya kila kitu kionekane kama kimetumbukizwa majini. Nikapewa kiti cha plastiki, nikapewa chai, nikapewa sarafu zote mbili kwenye kisahani. Lenzi ilikuwa kwenye mkoba. Sikuitoa. Nilitaka waone kwamba mimi naona kwa macho matupu.

Mama Kiden alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni. Mwembamba, kimya, ameshika kitambaa alichofungia shilingi yake. Akanyoosha mkono kunipa.

"Mama, angalia na hii kitambaa. Baba ndiyo nafunga. Mimi nafungua siku ya kikao, mbele ya watu."

Nikamwambia kitambaa hakina kazi, mimi naangalia sarafu.

Nikaiinua ya kaka yake, nikaiinua yake. Nikawaambia wazee: hii inayong'aa haijatumika. Hii nyingine imechakaa. Simba ameliwa na vidole vya watu. Imetembea sokoni miaka.

Wakuu, ilinichukua muda mfupi kuliko kumaliza kikombe cha chai.

Mzee mmoja akamgeukia Mama Kiden. "Basi wewe nakula shilingi ya baba yako, halafu natafuta ingine kuweka mahali yake."

Mama Kiden akasema, "Mimi hapana kula. Iko ile ile." Alisema mara mbili. Mara ya pili hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Ikaamuliwa hatagusa kaburi. Anaweza kuja kupika na wanawake wengine akitaka, ila kwenye saruji atasimama kaka yake peke yake. Shilingi yake ikabaki kwa Mzee Wani kwenye kisahani. Yeye akaondoka na kitambaa kitupu.

Mimi nikala kuku, nikapiga picha sarafu zote pande zote mbili, nikarudi Arua nimeridhika.

Na nikafanya kituko zaidi. Nikatupia hapa jukwaani picha za simba wawili, nikaandika kwamba huu ni mfano mzuri wa sarafu nzima na iliyochakaa, wageni wajifunze. Kuna mmoja wenu aliuliza, "Upande wa pili ukoje?" Nikamjibu kwa dharau kwamba simba anatosha. Uzi ule bado upo, msije mkaufufua kunicheka. Au fufueni, ninastahili.

Siku zikaenda. Jumatano ya wiki ya kujengea nilikuwa kibandani kwangu. Nyuma yangu kuna jirani, mtu wa Congo, tunamwita Papa Deo, anafyatua matofali kwa mashine ya mkono. Unajaza udongo kwenye kasha, unafunga, unavuta mtaimbo, tofali linatoka limeshindiliwa. Katikati ya kifuniko amechongesha nyota, hivyo kila tofali lina nyota yake.

Niliomba tofali moja la kuzuilia mlango, maana upepo ulikuwa unanifungia. Akanipa lililotoka siku ile ile. Nyota yake haikuonekana vizuri, katikati ilikuwa imefutika.

Nikamtania. "Papa Deo, unanipa kuukuu? Hili limeshakanyagwa."

Akacheka. "Nani ikanyage? Iko mupya, mama, nimetoka kuitosha kwa mashine sasa hivi. Udongo haikujaa tu. Nyota iko shimo, na shimo inajaa ya mwisho. Ukiweka udongo kidogo, ao mutu akivuta bila nguvu, pembeni inatoka muzuri, katikati inabakia kipara."

Nikalishika lile tofali. Pembe zake zilikuwa kali. Katikati palikuwa na chembechembe za udongo zilizokwaruza kiganja changu. Halikuwa limesuguliwa na chochote.

Nikaliweka chini, nikatafuta simu.

Wakuu wa sarafu mmeshaelewa. Kwa wasioelewa nieleze taratibu, kwa sababu hapa ndipo somo lilipo.

Sarafu haichongwi, inagongwa. Kipande cha chuma kitupu kinawekwa kati ya mihuri miwili, kinapigwa pigo moja zito. Chuma kinatakiwa kikimbilie kwenye kila shimo la mhuri. Shimo lenye kina kuliko yote ndilo linajaa mwisho. Pigo likiwa hafifu, chuma hakifiki. Sarafu inatoka mpya kabisa lakini ina sehemu bapa, hata kabla binadamu hajaigusa. Wenyewe wanaita weak strike, yaani pigo hafifu.

Sarafu iliyochakaa ni kitu kingine. Hiyo ilitoka na uso wake, halafu vidole na mifuko vikaula. Na vidole havichagui. Vinakula simba, vinakula herufi, vinakula na ukingo.

Nikafungua picha kwenye simu. Nikavuta karibu ya Mama Kiden. Ukingo wake ulikuwa umesimama. Herufi zilikuwa na kona kali. Milima nyuma ya simba ilikuwa safi. Ila kichwa cha simba tu. Sasa ni mfuko gani unaokula kichwa cha simba na kuacha herufi?

Nikafungua picha ya upande wa pili, ile niliyoulizwa nikajibu kwa dharau.

Nywele za mfalme zilikuwa bapa, mahali pamoja tu. Nikachukua shilingi nyingine kwenye kopo nikaibana, kidole gumba kwenye kichwa cha simba, cha shahada upande wa pili. Kikaangukia mahali pale pale. Mashimo mawili yanatazamana, yanagombania chuma kile kile, na siku ile hayakutosheka yote mawili.

Kisha nikaitazama ya Mzee Wani, ile inayowaka. Nikaikuza. Ilikuwa na mikwaruzo midogo midogo imepita upande mmoja, kuanzia ukingo mpaka ukingo.

Nikampigia Taban. Nikamuuliza, kabla ya kikao kile, kuna mtu aliosha shilingi ya baba yako?

"Mama aliosha," akasema. "Wageni nakuja, si unajua. Siku hiyo alisugua sufuria zote na majivu na ndimu, akasugua na shilingi."

Jamani. Hakukuwa na hila yoyote. Mke wa Mzee Wani alifanya kile ambacho kila mwanamke wa huku anafanya mgeni akija, anang'arisha vyombo. Mimi mwenyewe sufuria zangu nazisugua hivyo hivyo.

Yaani iliyong'aa iling'aa kwa sababu ya majivu. Ya kijivu ilikuwa ya kijivu kwa sababu mwenyewe alitii. Baba alisema usifungue, hakufungua. Mimi nikamwadhibu kwa utii wake.

Nilikosa hamu ya kula siku ile. Mnaweza kusema ni shilingi tu. Lakini mama wa umri ule, anaambiwa mbele ya wajukuu kwamba aliila zawadi ya baba yake, na asiguse kaburi lake, kwa neno langu mimi.

Nikamwambia Taban awaeleze wazee kwa simu. Akarudi na jibu kwamba shauri limefungwa, na kwamba mtaalamu hawezi kusema hivi Jumapili na vile Jumatano. Kwa kweli hawakukosea.

Jumamosi asubuhi nikaondoka Arua mapema. Koboko nikachukua boda, sikwenda Dranya moja kwa moja. Nikapita Abuku kwanza.

Mama Kiden nilimkuta anapura ufuta. Nikapiga magoti. Nikamweleza yote, mashimo ya mhuri, tofali, majivu. Nadhani nusu ya maneno yalimpita, si kwa kutokuelewa bali kwa kutokuyahitaji. Yeye alikuwa anajua tangu mwanzo.

"Unasema hii kwangu ya nini?" akaniuliza. "Mimi najua. Kwenda sema kwa wale."

Nikamwomba twende wote.

"Mimi hapana kwenda mahali naitwa mwizi."

Akaendelea kupura. Nikapanda boda peke yangu.

Dranya nilikuta watu wamejaa. Fundi ameshajenga kingo za kaburi na anachanganya saruji. Mzee Wani amevaa koti, shilingi yake ipo mkononi. Nikasimama mbele yao, nikasema kwa sauti ili hata waliokuwa jikoni wasikie.

"Wazee wangu, nilikosea. Mama Kiden hakula shilingi. Nilisema bila kuangalia."

Yule mzee aliyemsema Mama Kiden akauliza, "Sasa sisi naamini yako gani? Ya kwanza ao ya pili?"

Nikamjibu wasiniamini mimi, waangalie wenyewe. Safari hii nikatoa lenzi.

Niliomba shilingi ya Mama Kiden iletwe, kisha twende juani. Nikaigeuza ya Mama Kiden polepole kwenye mwanga. Chini ya ule ukijivu kulikuwa na mng'ao laini unaozunguka na sarafu, ukapita juu ya kichwa bapa cha simba bila kukatika. Pangekuwa pamesuguliwa na vidole, mng'ao ungekatikia pale. Nikaigeuza na ya Mzee Wani. Yake iling'aa yote kwa pamoja, kama sufuria.

Kisha nikawapa wapitishe kucha kwenye meno ya ukingo wa ile ya Mama Kiden. Mmoja baada ya mwingine. Yule mzee mkali akapitisha mara tatu.

"Inakwaruza," akasema.

Mzee Wani aliibana lenzi jichoni akakaa nayo muda mrefu. Akaangalia ya dada yake. Akaangalia yake. Akaangalia ya dada yake tena.

Akamuuliza mke wake, taratibu, "Uliosha hii?"

"Nilisugua na majivu," mama wa watu akajibu. "Ilikuwa nyeusi. Watu wanakuja."

"Ilikuwa nyeusi kama hii ya Kiden?"

"Kama hiyo hiyo."

Mzee Wani akanirudishia lenzi. Akamwambia fundi asimimine. Fundi akalalamika kwamba saruji imeshachanganywa, na jua hili litaikausha.

"Changanya ingine," akasema Mzee Wani.

Akaita boda. Taban akataka kwenda badala yake, akakataliwa. Mzee yule na fimbo yake akapanda pikipiki mwenyewe kwenda Abuku. Tukabaki tumekaa. Hakuna aliyenipa chai, na sikuitegemea.

Walirudi na boda mbili. Sijui alimwambia nini. Najua tu kwamba Mama Kiden alikuwa amebadilisha nguo, na macho ya kaka yake yalikuwa mekundu.

Saruji mpya ikamiminwa. Mzee Wani akainama kwa shida, akabonyeza yake. Kisha watu wakampisha Mama Kiden.

Hapa mkusanyaji yeyote atanielewa. Sarafu yenye pigo hafifu namna ile, ikiwa na ukijivu wake wa asili, sijawahi kushika nyingine. Na ninaiona inakwenda kwenye saruji. Roho iliniuma, nasema kweli. Iliniuma kidogo tu.

Akaniita. "Mama Sarafu, niweke upande gani juu?"

Nikamwambia upande wowote, mama, mfalme au simba.

Akaweka simba juu. Akaibonyeza kwa kidole gumba, akakiacha pale muda, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Alipokitoa, simba asiye na uso alikuwa ameangalia juu, karibu na mwenzake mwenye uso.

Nilimfuata alipokuwa ananawa mikono, nikamwomba radhi tena. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe naangalia simba," akasema. "Mimi wewe hapana kuangalia."

Kisha akatoa kitu kwenye pindo la gomesi yake, gauni refu la kina mama wa huku, akaniwekea kiganjani. Ni kile kitambaa. Kipande cha pamba cha zamani, rangi yake haijulikani tena. Katikati kina duara, alama ya shilingi iliyokaa mahali pamoja miaka yote hiyo bila kuhama. Ushahidi wote ulikuwa pale tangu Jumapili ya kwanza, alininyooshea mkono, nikasema hakina kazi.

"Beba," akasema. "Shilingi iko na baba."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kabla hujasema sarafu imechakaa, igeuze. Angalia mahali panapotazamana upande wa pili, angalia ukingo na herufi, angalia kama mng'ao unapita au unakatika. Tumia lenzi, hata kama wanaokutazama watadhani huna macho. Usisugue kitu kwa majivu, na usikipende kitu kwa sababu tu kinang'aa. Na kama kuna mtu nyuma ya hiyo sarafu, msikilize kwanza yeye.

Yule mwenzetu aliyeuliza kuhusu upande wa pili, nakuomba radhi hadharani. Ungekuwa Dranya siku ile ungeniokoa.

Sasa zamu yenu. Nani mwingine ameshawahi kuhukumu kwa jicho moja ikamgharimu mtu? Na wale wenye shilingi za simba, zigeuzeni mniambie nywele za mfalme zikoje. Kitambaa kiko ndani ya kopo la baba, juu ya sarafu zote. Wateja wawili wameshaniuliza bei. Hakiuzwi.